Laptopu ya Zamani Inataka Linux Ipi?

Tarehe 14 Oktoba 2025 Microsoft iliacha kuihudumia Windows 10. Siku hiyo hakuna kompyuta iliyozimika, na ndiyo maana watu wengi hawakushtuka. HP EliteBook 840 G1 zilizonunuliwa Kariakoo, ThinkPad X131e za ex-UK zilizouzwa Nairobi, Dell OptiPlex za maabara za shule, zote ziliwaka kesho yake kama kawaida. Kilichokoma ni masasisho ya usalama. Tundu linalogunduliwa baada ya hapo halizibwi, na mwenye mashine anaendelea kuingia kwenye akaunti ya benki, kujaza fomu za serikali na kuhifadhi matokeo ya wanafunzi juu ya mfumo ambao haulindwi tena.

Windows 11 nayo haizitaki mashine hizo. Inadai chipu ya usalama ya TPM 2.0, na kwa upande wa Intel inadai prosesa ya kizazi cha nane au zaidi, yaani mashine za kuanzia mwishoni mwa 2017 na 2018. Laptopu nyingi za mtumba zilizomo mikononi mwetu ni za kabla ya hapo. Mwenye nayo anabaki na njia nne, na kila moja ina bei yake.

Ya kwanza ni kuongezewa muda. Microsoft iliweka mpango wa masasisho ya ziada kwa watumiaji wa nyumbani kwa dola 30, karibu shilingi 75,000 za Tanzania au 3,900 za Kenya, na waliokubali kuhifadhi mipangilio yao kwenye akaunti ya Microsoft waliweza kuupata bila kulipa. Lakini mpango huo umewekewa mwisho Oktoba 2026, kwa hiyo unachonunua hakizidi mwaka mmoja. Ya pili ni kununua mashine ya miaka ya karibuni, na hiyo ndiyo njia ghali kuliko zote. Ya tatu ni kumwambia fundi aipige Windows 11 kwa nguvu. Inawezekana, ila Microsoft imeshasema wazi kwamba mashine isiyotimiza vigezo haina uhakika wa kupata masasisho, na toleo la 24H2 haliwaki kabisa kwenye prosesa za Core 2 Duo kwa sababu linahitaji amri ambazo prosesa hizo hazina. Leseni halali ya Windows 11 Home kwenye duka la Microsoft la Marekani ni dola 139. Kwa laptopu nyingi za umri huo, hiyo ni pesa ya kununulia laptopu nyingine kama hiyo hiyo.

Ya nne ni Linux. Haina ada ya leseni, unaruhusiwa kisheria kuinakili na kumpa jirani, na ipo kwa mamia ya aina ambazo watumiaji wake huziita distro. Hapo ndipo mtu anapopotea. Akiulizia distro ya kompyuta ya zamani anatajiwa majina ishirini, kila moja likisifiwa kuwa jepesi kuliko jingine, naye anachagua lililo jepesi kuliko yote. Kwa maoni yangu huko ni kuanza na swali la mwisho. Laptopu ya mwaka 2012 inalemewa leo na vitu viwili, diski inayozunguka na kivinjari, na cha kwanza hakitibiwi kabisa kwa kubadilisha distro.

Pesa ya kwanza iende kwenye diski

Diski ngumu ya zamani husoma data kwa mkono mdogo wa chuma unaosogea juu ya sahani inayozunguka. Kila mkono unapohama kutafuta faili, zinapotea milisekunde kadhaa, na kuwasha kompyuta au kufungua kivinjari ni kutafuta maelfu ya mafaili madogo. SSD haina mkono wala sahani. Kwa sababu hiyo laptopu ya kizazi cha pili au cha tatu iliyowekewa SSD hubadilika tabia kabisa, hata kabla hujagusa mfumo endeshi. Hata Core 2 Duo ambayo njia yake ya SATA ni ya zamani na haipitishi zaidi ya MB 300 kwa sekunde hufaidika, kwa kuwa tatizo lilikuwa kutafuta, si wingi wa data.

SSD ya GB 240 au 256 inatosha kwa mtu wa kawaida. Linux Mint, mojawapo ya distro hizo, inahitaji angalau GB 20. Na SSD ina sifa moja ambayo RAM mara nyingi haina: ikifa laptopu, unaichomoa diski yako na kwenda nayo kwenye mashine nyingine. Kama una bajeti ya kifaa kimoja tu, nunua hicho.

Baada ya diski ni RAM, na mpaka ninaouweka ni GB 4. Chini ya hapo utatumia kompyuta kwa kujibana. Linux Mint yenye sura ya Xfce, yaani mazingira mepesi ya eneokazi, ikishawaka na kabla hujafungua chochote, huchukua takribani MB 700 hadi 900. Mint yenye sura ya Cinnamon, ambayo ni nzito kidogo, hupita GB 1. antiX, distro ndogo zaidi, huweza kukaa kwenye MB 200 hadi 300. Tofauti hiyo ni ya kweli, lakini tazama kinachofuata: unafungua kivinjari, barua pepe, WhatsApp ya kwenye wavuti na video moja ya YouTube, na kivinjari peke yake kinakula GB 1.5 au zaidi, kwenye distro yoyote ile. MB 500 ulizookoa kwa kuchagua distro ndogo zinamezwa na tabo mbili au tatu. Kuongeza kipande kimoja cha RAM cha GB 4 kunakupa nafasi mara nyingi zaidi ya hiyo.

Ila angalia unachonunua. Laptopu za Core 2 Duo nyingi hutumia DDR2, ambayo ni ya zamani na haitakufaa popote pengine. Kuitumbukizia pesa sioni faida yake, labda uipate kutoka kwenye mashine iliyokufa. Kizazi cha pili na cha tatu hutumia DDR3. Laptopu za kizazi cha nne, kama hiyo EliteBook 840 G1, zinataka DDR3L, ile ya volti 1.35, ambayo kwenye lebo huandikwa PC3L. Ukiletewa PC3 bila L, mashine inaweza isiwake, na fundi asiye mwangalifu atakuambia ubao mama umeharibika. Nenda na kipande chako cha zamani mkononi, mlinganishe lebo.

Kwa kompyuta za mezani kuna gharama nyingine ndogo ambayo imewasumbua wengi: betri ya saa, CR2032, ile ya mviringo iliyo kwenye ubao. Ikiisha, kila umeme unapokatika saa inarudi nyuma miaka mingi, na kivinjari kinakataa kufungua tovuti kwa sababu kinaona vyeti vyake vya usalama bado havijaanza kutumika. Mtu aliyetoka kuweka Linux jana ataamini kwamba Linux ndiyo mbovu.

Mashine ya biti 64 yenye GB 4 au zaidi

Hapa jibu langu ni Linux Mint, sura ya Xfce. Kuna distro nyepesi zaidi, lakini naipendekeza hii kwa sababu ya miaka na watu. Mfululizo wa Mint 22, ulioanza Julai 2024, umejengwa juu ya Ubuntu 24.04 na utapata masasisho hadi 2029. Menyu iko chini kushoto pale ambapo mtu aliyezoea Windows ataitafuta. Ina Timeshift, programu inayotunza picha ya mfumo ili ukiharibu kitu uweze kurudi ulipokuwa. Na tatizo lolote utakalolipata, mtu mwingine ameshalipata na kulijibu. Faida hiyo hailetwi na distro inayotunzwa na watu wawili au watatu, hata ikiwa na wepesi wa ajabu.

Ukiwa na GB 8 na SSD, chukua Cinnamon bila wasiwasi. Ni nzuri zaidi kwa macho. Ubuntu yenyewe nisingeiweka kwenye mashine ya GB 4. Canonical, kampuni inayoitengeneza, iliitaja GB 4 kuwa kiwango cha chini cha Ubuntu 24.04, na kiwango cha chini maana yake ni kuwaka, si kufanya kazi kwa raha. Xubuntu na Lubuntu ni nyepesi na zimetengenezwa vizuri, ila matoleo yao ya muda mrefu hupewa miaka mitatu badala ya mitano ya Mint. Mtu anayependa kubadilisha mfumo mara kwa mara hatajali. Shule yenye mashine thelathini itajali.

Kuna pia ChromeOS Flex ya Google, isiyo na malipo, inayotaka GB 4 za RAM na GB 16 za hifadhi. Kwa mtu ambaye maisha yake yote ya kompyuta yako ndani ya kivinjari, na intaneti yake haikatiki, inafaa. Haina Play Store, na inafuta diski yote inapowekwa. Kwa nyumba ambayo bando huisha kabla ya mwisho wa mwezi siipendekezi.

Mashine ya biti 64 yenye GB 2

Hizi ni Core 2 Duo na laptopu ndogo za Atom za baada ya 2010. Hapa ndipo distro nyepesi zinapopata kazi ya kweli. MX Linux, iliyozaliwa na ushirikiano wa watu wa antiX na wa iliyokuwa MEPIS, inakuja na Xfce na pia na Fluxbox ambayo ni nyepesi zaidi. Ina zana nzuri za kurekebisha mambo bila kuandika amri. Lubuntu nayo inawezekana. Ukichagua yoyote, washa zram, ambayo hubana data iliyo kwenye RAM ili nafasi ile ile ibebe zaidi. Kwenye GB 2 tofauti yake inaonekana kwa macho. Na ujizoeze tabo tatu, basi.

Biti 32: mlango unaofungwa

Kabla hujasema mashine yako ni ya biti 32, hakikisha. Zipo kompyuta nyingi za Core 2 Duo zilizopigwa Windows ya biti 32 kwa sababu tu RAM ilikuwa ndogo, na wenyewe wameamini hivyo kwa miaka yote. Kwenye Windows fungua ukurasa wa taarifa za mfumo usome mstari wa aina ya mfumo. Ukiona x64 kwenye maelezo ya prosesa, mashine ni ya biti 64 hata kama Windows iliyomo si hiyo. Kwenye Linux, amri ya lscpu inakuambia.

Zile ambazo kweli ni za biti 32 ni kama Pentium 4 za mwanzo, Core Duo ya 2006 isiyo na namba 2, na netibuku za Atom N270 zilizotoka 2008 na kuendelea: Asus Eee PC, Acer Aspire One na wenzao. Kwa hizi lazima niseme ukweli kwa sababu bado zinauzwa, na wanaouziwa ni wanafunzi. Ubuntu ya kawaida ya mezani iliacha kutoa diski za biti 32 kuanzia toleo la 17.10. Debian, ambayo ndiyo iliyokuwa kimbilio, iliacha kutoa kisakinishi cha biti 32 ilipotoa toleo la 13 Agosti 2025. Mint ya Debian, LMDE, ilikuwa na biti 32 katika toleo la 6 na haina katika la 7. MX-23 ipo kwa biti 32, MX-25 haipo. Google Chrome iliacha kutengenezwa kwa Linux ya biti 32 tangu Machi 2016, na Firefox 144 ya Oktoba 2025 ndiyo iliyokuwa ya mwisho. Baada yake imebaki ESR 140, tawi la masasisho ya muda mrefu, ambalo Mozilla iliahidi kulihudumia hadi angalau Septemba 2026.

Maana yake ni kwamba kinachoiua mashine ya biti 32 ni kukosa kivinjari salama, kabla mfumo wake haujaisha. antiX 23, iliyojengwa juu ya Debian 12, itaiwasha na itatembea hata kwenye MB 512 za RAM. Debian 12 yenyewe imepangiwa masasisho ya muda mrefu hadi Juni 2028. Ukiwa nayo tayari, weka antiX uitumie kuandikia, kusikilizia muziki, kufundishia watoto kuandika kwa vidole kumi, au kama mashine ya kuhifadhi mafaili ya nyumbani. Usiitumie kwa benki. Na usiinunue leo hata kwa bei ya kutupa.

Puppy Linux, iliyoanzishwa na Barry Kauler wa Australia mwaka 2003, hukaa yote ndani ya RAM, kwa hiyo inafaa sana kwa mashine iliyoharibika diski: unawasha kwa flashi, unaokoa mafaili, unamaliza kazi. Tiny Core ina toleo la MB 23 hivi. Ni kazi ya kustaajabisha ya ufundi, lakini si ya kumwekea mama aandike barua.

Bando nalo ni gharama

Waandishi wa nchi zenye intaneti isiyo na kipimo hawaandiki habari hizi, nasi tunazihitaji. Mint ni karibu GB 2.8 kuipakua. Ubuntu 24.04 ya kawaida ni karibu GB 6. antiX kamili iko chini ya GB 2. Ongeza masasisho ya siku ya kwanza, ambayo hufika mamia ya MB. Ubuntu pia hutumia snap, vifurushi vikubwa vinavyojisasisha vyenyewe bila kukuuliza. Unaweza kuvisimamisha kwa amri ya snap refresh --hold, lakini inabidi ujue kwanza kwamba vipo. Mint haiji na snap, na programu yake ya masasisho hukuonyesha ukubwa wa kila kitu kabla hujakubali. Kwa mtu wa bando hiyo ni sababu tosha ya kuichagua.

Pakua mara moja, weka kwenye flashi ya GB 8, mpe na jirani. Mwenye maabara ya shule aweke apt-cacher-ng kwenye kompyuta moja: masasisho yanashuka mara moja tu, na mashine nyingine zote zinayachukua hapo ndani bila kugusa intaneti. Kwa shule inayonunua bando, hesabu ya mwaka mzima inabadilika.

Wi-Fi isipotambuliwa siku ya kwanza, jambo linalotokea zaidi kwa kadi za Broadcom, chomeka simu kwa waya wa USB uwashe kushiriki intaneti. Linux huipokea bila dereva lolote, kisha unapakua dereva la Wi-Fi kwa intaneti hiyo hiyo.

Usichokipata kwenye Linux

QuickBooks ya kusakinisha, Tally, Photoshop na Microsoft Office yenyewe havina toleo la Linux. Mhasibu ambaye kazi yake yote iko humo asihame. Anunue mashine ya kizazi cha nane na aihesabu kuwa gharama ya biashara. Faili za Excel zenye makro nzito pia hazina uhakika ndani ya LibreOffice. Kwa barua, wasifu wa kazi, mitihani, bajeti na taarifa za kikundi, LibreOffice inatosha kabisa. Wala si jambo geni kwetu: mwaka 2004 mradi wa Kilinux, uliohusisha Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, ulitoa Jambo OpenOffice kwa Kiswahili, na LibreOffice ya leo imetoka kwenye mzizi huo huo wa OpenOffice.

Shida inayowakuta wengi ni fonti. Calibri na Times New Roman ni mali ya wengine, kwa hiyo Linux hutumia Carlito na Liberation Serif, zenye vipimo sawa vya herufi. Mpangilio haubadiliki sana, lakini usimpelekee mtu wa steshenari faili la kuhaririwa. Ligeuze PDF kwanza, litachapishwa kama ulivyoliona. Kuhusu printa, HP ndizo zenye usumbufu mdogo kwa sababu HP yenyewe hutoa HPLIP kwa ajili ya Linux. Baadhi ya printa ndogo za leza za Canon za zamani zitakutoa jasho.

Kabla ya kulipa

Distro zote nilizozitaja huwaka kutoka kwenye flashi bila kugusa kilichomo kwenye diski. Andaa flashi yako kwa Rufus au balenaEtcher, au kwa Ventoy kama unataka kubeba Mint na antiX pamoja. Kwenye HP bonyeza F9 wakati wa kuwasha, kwenye Dell na ThinkPad bonyeza F12. Ikiwaka, jaribu Wi-Fi, sauti, kamera, kibodi nzima, na ifunge kisha uifungue uone kama inaamka usingizini. Angalia pia kama BIOS ina nywila ya kampuni iliyoitupa mashine hiyo. Nywila hiyo ikiwepo, utapata tabu kila utakapotaka kubadilisha kitu.

Kama ni mashine yako ya siku nyingi, nakili mafaili yako nje kwanza, yote, kabla ya kubonyeza kitufe cha kusakinisha. Kama unanunua, nenda dukani na flashi mfukoni na useme kwa heshima: "Fundi, naomba tuiwashe kwa flashi hii kwanza." Muuzaji mwenye mashine nzima hatakataa. Akikataa, nenda duka la pili.